Maji ya Nje na Maji ya Ndani: Usafi wa Mwili na Utakaso wa Roho katika Ukristo wa Katanga

0. Utangulizi

Asubuhi ya Jumapili, mtu apitaye katika mitaa ya Lubumbashi, toka Kamalondo hata Katuba, huona kazi ile ile karibu katika kila lupango. Mabeseni ya maji yamewekwa nyuma ya nyumba, watoto wanasuguliwa magoti na visigino, pasi ya makaa inapulizwa, na kola ya shati la baba inanyooshwa kwa mara ya tatu. Hakuna atakaye kwenda mbele ya Mungu na nguo chafu. Hata nyumba iliyokosa unga tangu juzi itatafuta kipande cha sabuni siku hiyo. Saa moja baadaye watu hao hao, wakiwa wameoga na kunukia vizuri, wamesimama kanisani wakikiri mbele ya wenzao kwamba ndani hawako safi.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hatuliulizi tena. Hata hivyo lina historia, na historia hiyo si nyepesi. Injili ya Marko, katika sura ya 7, inasimulia jinsi Yesu alivyobishana na Mafarisayo juu ya kunawa mikono kabla ya kula, akafundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka moyoni mwake, wala hakiingii kutoka nje. Wahubiri waliolileta fundisho hilo katika nchi yetu walileta pia sabuni, kanzu nyeupe, ukaguzi wa nyumba na kanuni za kambi. Je, mambo haya mawili yalipatanaje? Na Wakristo wa Katanga walifanya nini walipopewa yote mawili kwa mkono mmoja?

Katika makala haya tutajaribu kujibu maswali hayo kwa kupitia kwanza maneno yenyewe, kisha misioni za Ziwa Tanganyika, kambi za migodi, na hatimaye vyama na makanisa ambamo wenyeji walishika maji kwa mikono yao wenyewe. Hoja yetu ni hii: katika historia ya utakaso, kujua nani ni safi na nani ni mchafu hakutoshi. Yafaa tuulize nani alishika maji, na alimwosha mwenzake kwa nia gani.

1. Maneno na mizizi yake

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya usafi, nayo imetoka katika visima viwili. Kutoka Kiarabu tumepata safi, sabuni, na tohara, ambayo maana yake ya asili ni utakaso. Waislamu wa pwani walikuwa na udhu na josho kabla padri wa kwanza hajafika Bagamoyo, na Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipotafuta jina la mahali ambapo roho za marehemu husafishwa, walichukua neno lile lile la Kiislamu wakaunda toharani. Kutoka mizizi ya Kibantu tuna kuosha, kunawa, kuoga, kufua, na kitenzi kimoja kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi: kutakata.

Kutakata ni kuwa safi: maji yametakata, uso umetakata. Kwa kugeuza t kuwa s, kama vile fuata inavyozaa fuasa, tunapata kutakasa, yaani kukifanya kitu kiwe safi. Kwa kiambishi -ifu tunapata -takatifu. Wafasiri wa Biblia pwani, katika karne ya 19, walichagua neno hili kuwa jina la kile ambacho Waebrania walikiita kadosh na Wagiriki hagios. Uchaguzi huo ulikuwa mzuri, lakini ulileta jambo ambalo halikuwamo katika lugha zile za kale. Katika Kiebrania, kadosh ni kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, na neno la usafi ni jingine kabisa, tahor. Katika Kigiriki vivyo hivyo, hagios haina undugu wa mzizi na katharos. Hata Kifaransa cha wamisionari hakichanganyi saint na propre. Ni katika Kiswahili ambamo utakatifu wenyewe umezaliwa na usafi. Anayetaja Roho Mtakatifu hutaja, kwa masikio ya lugha, Roho aliyetakata.

Tusidai kwamba kila msemaji hufikiri hivyo asemapo. Maneno husahau wazazi wao. Katika usemi wa kila siku wa Lubumbashi, kitenzi kutakata hakisikiki sana nje ya kanisa. Kazi yake ya nyumbani imechukuliwa na kusafisha na neno safi, na safi yenyewe imepanua maana hata ikawa jibu la mtu anayeulizwa habari zake. Takatifu imebaki madhabahuni, safi imebaki kwenye beseni. Kwa hiyo lugha iliyowahi kuunganisha mambo mawili katika mzizi mmoja ikayatenganisha tena katika matumizi. Inafaa kuongeza kwamba Kiswahili cha sheria cha Tanzania kimekirudisha kitenzi hicho sokoni kwa njia isiyotarajiwa: utakatishaji wa fedha ni kosa la kuzipa fedha haramu sura ya halali. Wazee wa pwani walikuwa wamekwisha kusema kwamba fedha ni sabuni ya roho, na waliposema hivyo walikuwa wakitabasamu.

2. Kabla ya misioni

Tusifikiri kwamba mafundisho ya utakaso yaliangukia nchi tupu. Waluba, Watabwa, Wabemba na majirani zao walijua tangu zamani kwamba kuna uchafu usiotolewa kwa kusugua. Kifo kilipoingia katika nyumba, mjane hakurudi katika maisha ya kawaida mpaka ametakaswa kwa taratibu za ukoo. Udongo mweupe, ambao Waluba huuita mpemba, ulipakwa mwilini kuwa alama ya usafi wa ndani na ya ukaribu na mizimu. Aliyepakwa udongo huo, kwa macho ya mgeni, ni mtu aliyejichafua kwa vumbi. Kwa macho ya watu wake ametakata.

Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha ugomvi uliokuja baadaye. Pande zote mbili zilijua tofauti ya nje na ndani, na kila upande ulisoma alama za nje kwa kitabu chake.

3. Mpala na Kirungu: miaka minne mbele ya maji

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa mwaka 1883 na Émile Storms kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Afrika. Mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, huko Kirungu, katika eneo la Moba ya leo. Jina lao lenyewe lahusu somo letu. Shirika hilo liliundwa na Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, nalo lilivaa kanzu nyeupe kwa kufuata mavazi ya wenyeji wa Aljeria. Weupe uliotajwa katika jina ulikuwa wa nguo. Lakini katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, nani angeweza kuzuia masikio yasisikie ndani yake weupe wa ngozi pia, na katika huo weupe wa roho? Lugha yetu ina msemo wa moyo mweupe, maana yake moyo usio na kinyongo. Wamisionari waliingia katika msemo huo bila kuukusudia.

Lavigerie aliwawekea wafuasi wake kanuni kali: asibatizwe mtu mzima kabla ya miaka minne ya maandalizi, ila akiwa katika hatari ya kufa. Alijua kwamba maji yanayomwagwa upesi hukauka upesi. Katika miaka hiyo mwombaji alichunguzwa mwenendo wake: kama ana mke mmoja, kama ameacha bwanga na matambiko, kama anahudhuria mafundisho. Huu ulikuwa uchunguzi wa ndani, lakini ulifanywa kwa macho, na macho huona ya nje. Ndipo usafi wa mwili na wa nyumba, unyofu wa safu za nyumba katika vijiji vya Wakristo, na kitambaa cheupe siku ya ubatizo vikaanza kusomwa kuwa ushahidi wa roho.

Waprotestanti hawakuwa mbali na njia hiyo. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri mwaka 1886, na ndugu zake wa madhehebu ya Brethren wakaendeleza kazi hata Luanza kando ya Ziwa Mweru, ambako Dan Crawford alijenga mji wa misioni wenye barabara iliyonyooka. Hao walibatiza watu wazima kwa kuwazamisha majini, baada ya kukiri imani kwa kinywa chao wenyewe. Wamethodisti wa Marekani, waliofika Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1910, walitoka katika mapokeo ya John Wesley, mhubiri wa karne ya 18 aliyesisitiza kwamba uchafu wa mavazi si sehemu ya dini na kwamba unadhifu hukaa jirani na uchaji wa Mungu.

Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Usafi ambao wageni hao waliuleta kama urithi wa kale ulikuwa mpya hata kwao. Katika Ulaya ya Kikristo, kuoga mwili mzima hakukuwa fadhila kwa karne nyingi. Mtakatifu Hieronimo, katika karne ya 4, aliwahi kumwandikia rafiki yake kwamba aliyekwisha kuoga katika Kristo hana haja ya kuoga tena. Ni katika karne ya 19, baada ya kipindupindu kupita katika miji ya Ulaya, na baada ya Pasteur na wenzake kuonyesha kazi ya vijidudu, ndipo sabuni ilipopanda cheo ikawa mwalimu wa maadili. Wamisionari wa miaka ya 1880 walivuka bahari na Injili yenye umri wa karne 18 mkononi mmoja, na kwa mkono wa pili elimu ya afya ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Wasikilizaji wao walizipokea zote mbili kama dini moja.

4. Sabuni, kambi na ukaguzi

Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuri la Lubumbashi. Mji ulikatwa sehemu mbili. Wazungu walikaa upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na katikati pakaachwa uwanja mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria wasiruke kutoka kitanda cha mtu mweusi hadi kitanda cha mtu mweupe. Kwa hiyo katika ramani ya mji uchafu ulipewa makao na rangi. Mtu aliyetoka katika ibada ya asubuhi, akiwa ameungama na kushiriki, alivuka uwanja ule akarudi upande wa wachafu.

Katika kambi za Union Minière, vifo vilikuwa vingi mno katika miaka ya 1910 na 1920. Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni ilipoacha kutegemea wafanyakazi wa mikataba mifupi na kupendelea watu wa kudumu wanaokaa na wake na watoto wao, usafi ukawa siasa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza sera ya kampuni juu ya wafanyakazi Waafrika, alikuwa mganga kabla ya kuwa mtawala wa kambi, naye aliitazama kambi kama mwili unaopaswa kulindwa na maradhi. Shule zilikabidhiwa kwa wamisionari Wabenedikti, ambao walikuwa wamefika Katanga mwaka 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Wanawake walifundishwa kufua, kupiga pasi, kupika na kuogesha watoto wachanga. Nyumba zilikaguliwa, vyoo vilikaguliwa.

Lazima tuseme kweli: maji na sabuni viliokoa maisha. Vifo vya kambini vilipungua sana, na kuna wazee waliokaa nasi kwa sababu mama zao walifundishwa kuchemsha maji. Asiyelikubali hilo anaandika historia ya chuki. Lakini jambo jema likifanywa kwa amri, na likipimwa na mtu ambaye yeye hapimwi, hugeuka kuwa jambo jingine. Mke wa mfanyakazi alijifunza kwamba usafi ni kitu ambacho mkubwa huja kukiangalia. Mungu naye, katika mafundisho ya watoto, alianza kufanana na mkaguzi: anaona pembe zote, anafungua vyungu vyote, anaandika.

Upeo wa mkondo huo ulifikiwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliweka kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikafuata sheria ya kuandikishwa, ambayo ilimruhusu Mkongomani kuhesabiwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Aliyeomba alitembelewa nyumbani na watu wa tume. Walitazama chumba cha kulala, jikoni, choo, jinsi watu wanavyokula mezani, jinsi mume anavyoishi na mkewe. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Hao waevolue, kama walivyoitwa kwa Kifaransa kilichotoholewa, wengi wao walikuwa Wakristo waliolelewa na misioni. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba Bwana hutazama moyo, na sasa walihukumiwa kwa shuka. Methali ya pwani yasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika ukaguzi ule, hakuna aliyeuliza habari za ndani ya mkakasi, mradi nje unang'aa.

Na sabuni yenyewe ilitoka wapi? Swali hili latutoa Katanga kwa kitambo, lakini halikwepeki. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Makao makuu ya kazi yake katika Kwilu yaliitwa Leverville, mahali paitwapo Lusanga. Mafuta ya mawese yaliyokuwa msingi wa sabuni hiyo yalipatikana kwa jasho la wakata ngazi waliopanda michikichi ile kwa shuruti ya kodi na ya mawakala wa kampuni na serikali. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na maasi yao yalizimwa kwa damu. Hivyo mtu wa Kongo alipewa sabuni kama zawadi ya ustaarabu, ilhali mafuta yake yalikuwa yamechumwa na mikono ya ndugu yake, ambaye hakulipwa haki yake. Tukipima utakaso kwa mizani ya manabii, ambao walikataa sala za watu wenye mikono iliyojaa damu, povu jeupe la sabuni ile halikuwa jeupe sana.

5. Maji mikononi mwa wenyeji

Mpaka hapa tumeeleza kana kwamba Waafrika walioshwa tu. Sivyo ilivyokuwa. Tangu mwanzo, maji yalipita mikononi mwao. Katekista wa kijiji, aliyekaa mbali na padri kwa mwendo wa siku nyingi, ndiye aliyembatiza mtu aliyekuwa akikata roho. Hakuwa na kanzu nyeupe wala kisima cha marumaru. Alikuwa na kibuyu, kikombe au kiganja, na maneno aliyofundishwa. Kanisa liliukubali ubatizo huo kuwa kamili. Na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipadirishwa, wa kwanza kati ya Wakongomani wa enzi ya ukoloni. Tangu siku hiyo watu waliona madhabahuni mikono ya mwana wa nchi ikioshwa kwa maji ya liturujia na kuinua kikombe.

Lakini maji yakishikwa na mwenyeji hayawi salama kwa sababu hiyo tu. Historia inatupa onyo lenye kutisha. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, mtu wa Nyasaland aliyeathiriwa na mafundisho ya Watch Tower, alijiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, akaanza kuwabatiza watu kwa kuwazamisha mtoni katika Rhodesia ya Kaskazini, kisha akavuka mpaka na kuingia Katanga. Ubatizo wake ulikuwa pia kipimo cha ulozi. Aliyeonekana kwamba maji hayakumfunika sawasawa alihesabiwa kuwa mlozi, na wengi waliuawa. Nyirenda alinyongwa mwaka 1926. Watu walimkimbilia kwa sababu walitamani kijiji kilichotakata, kisicho na wivu wala sumu ya siri. Tamaa ile ilikuwa njema. Kosa lilikuwa katika kuamini kwamba utakaso wa wote hupatikana kwa kumwondoa mmoja. Mkaguzi wa kambi alihukumu nyumba kwa kuangalia vyombo. Mwana Lesa alihukumu moyo kwa kuangalia jinsi mwili unavyozama. Wote wawili walisoma ndani kwa kutazama nje, na wa pili alisoma kwa kuua.

Njia mbili nyingine zilizofuata zilikuwa za amani, nazo zinatofautiana kiasi cha kufundisha. Ya kwanza ni Jamaa, iliyochipuka mwaka 1953 katika kambi za migodi za Kolwezi, pamoja na Placide Tempels, padri Mfransisko aliyekuwa amefika Kongo mwaka 1933 na kujulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945. Jamaa haikudai kanisa jingine wala sakramenti nyingine. Ilikaa ndani ya parokia, ikasema Kiswahili, na ikaanzia mahali ambapo mkaguzi hakuweza kufika: katika mawazo ya mtu na katika mapendo ya mume na mke. Uzima, uzazi, mapendo, umoja, hayo ndiyo maneno yake. Nyumba ile ile ya kambi, ambayo kampuni iliipima kwa sakafu na choo, Jamaa iliipima kwa kuuliza kama wawili wanaokaa humo wanafunguliana mioyo. Hatuoni jibu kali zaidi kwa siasa ya ukaguzi kuliko hilo, ingawa halikutamkwa kama jibu. Maaskofu walikuja kuishuku na kuibana mwanzoni mwa miaka ya 1970, hasa kwa mafundisho ya siri yaliyodhaniwa kuwamo, na hapo swali la nani awezaye kuhakikisha usafi wa ndani likarudi upya.

Njia ya pili ni ya Bapostolo, wafuasi wa John Maranke, aliyeanza kazi yake mwaka 1932 katika Rhodesia ya Kusini. Kanisa lake liliingia Katanga katika miaka ya 1950. Hao walichukua alama ya nje, weupe, wakaivaa mwili mzima. Huwaona Jumamosi, wamevaa kanzu nyeupe, wanaume wamenyoa vichwa, wamevua viatu, wanasali uwanjani bila kuta. Lakini kanzu haimpi mtu ruhusa ya kuketi. Kwanza hupita mbele ya manabii, nao humchunguza na kumtaka aungame. Mto wa ubatizo huitwa Yordani, po pote ulipo. Katika sherehe yao ya Pasaka huungama kwa kirefu na kuoshana miguu. Nje na ndani hapa vimefungwa pamoja kwa makusudi. Hata hivyo njia hiyo ina bei yake. Wengi wao hukataa dawa za mganga na za hospitali pia, kwa kuwa uponyaji ni wa Roho peke yake, na bei hiyo mara nyingine hulipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.

6. Misa ya Kongo na ndoo mlangoni

Tarehe 30 Aprili 1988, Roma iliidhinisha misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaïre. Wengi hukumbuka ngoma, kucheza kuzunguka madhabahu na kutajwa kwa wahenga. Kwa somo letu, jambo kubwa ni mahali palipopewa toba. Katika misa ya Kirumi, muumini huungama mlangoni, mwanzoni kabisa, kabla hajasikia lo lote. Katika misa ya Kongo, toba imehamishwa baada ya masomo na mahubiri. Mtu husikia kwanza, ndipo atambue alivyo. Hunyunyiziwa maji, kisha mara moja humpa jirani yake mkono wa amani.

Mpangilio huo una fikra nzima ndani yake. Usafi si tikiti ya kuingilia: mtu huingia jinsi alivyo. Maji hayafungi kazi, kwani baada yake huja mkono wa mwenzako. Baraza la kijiji lilifanya hivyo tangu zamani: maneno yasikilizwe, kosa lijulikane, kisha watu wapatane. Wataalamu wa liturujia waliotunga misale hiyo walirudisha katika ibada ya Kikristo adabu ambayo kambi ilikuwa imeisahau.

Miaka thelathini baadaye fikra hiyo ilipata jaribu kali. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipatwa na Ebola. Ndoo za maji yenye klorini zikawekwa milangoni mwa makanisa, na mkono wa amani ukasitishwa. Kuosha maiti, ambako kwa watu wetu ni heshima ya mwisho na utakaso wa safari, kukakatazwa, kwa kuwa maiti huambukiza. Kwa hiyo usafi wa nje ulisimama tena mlangoni, na mlinzi akasimama kando yake. Je, tulikuwa tumerudi katika ukaguzi wa kambi? Palipotumwa watu wa nje waliobeba amri pekee, wanakijiji waliona hivyo, na wakakataa. Palipokuwa na katekista, mchungaji, muuguzi wa mtaa au mama wa chama cha parokia aliyeshika ndoo mwenyewe, akanawa kwanza mbele ya wote na kueleza kwa lugha yao kwa nini, kunawa kulieleweka kuwa ni kumlinda jirani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kiliunganisha usafi na utakatifu katika mzizi mmoja, na kwamba historia ya Katanga iliutumia muungano huo kwa njia mbili. Njia moja iliufanya usafi wa nje kuwa cheti cha roho. Katika njia hiyo mmoja hushika maji, kitabu na kalamu, na wengine hupanga mstari. Uwanja mtupu wa Élisabethville, tume ya waevolue na mto wa Mwana Lesa, ingawa haviko sawa kwa uzito, ni vya ukoo huo mmoja. Njia ya pili iliyafanya maji kuwa huduma. Katekista mbele ya mtu anayekata roho, watu wa Jamaa katika nyumba zao, Bapostolo wanaooshana miguu, misa inayopeleka maji kwenye mkono wa amani: hawa nao wana kasoro zao, lakini kwao anayeosha naye huoshwa.

Injili ya Yohana, katika sura ya 13, inaonyesha Yesu akivua vazi lake, akajifunga kitambaa na kuinama miguuni pa wanafunzi. Petro alikataa kwanza, kisha akataka aoshwe mwili mzima, nyakati zote mbili akidhani kwamba suala ni kiasi cha maji. Mtihani haukuwa wa miguu iliyooshwa. Miongoni mwa miguu ile ilikuwamo ya Yuda, nayo ilitoka safi kama ya wengine. Mtihani ulikuwa kama wale kumi na wawili wangejifunza kuinama.

Tunaweza sasa kurudi katika lupango la Jumapili asubuhi. Mwanahistoria wa ukoloni ataona pale mabaki ya kambi: hofu ya mkaguzi, aibu ya kola. Hatakosea. Lakini atazame vizuri nani ameshika maji. Ni mama aliyeamka kabla ya wote, amepiga magoti kando ya beseni, anasugua visigino vya mtoto wa marehemu dada yake pamoja na vya watoto wake, kwa kipande kile kile cha sabuni. Yeye mwenyewe ataoga mwisho, kama maji yatabaki. Kama tukiulizwa siku hiyo tuonyeshe mahali ambapo kutakata na kuwa mtakatifu ni neno moja bado, hatuna haja ya kungoja kengele ya kanisa.